Karamu kwa Ajili ya Watoto: Mchango wa Hadhara na Wakfu katika Historia ya Unguja

Katika miaka ya karibuni hafla ya chakula cha usiku imekuwa njia mashuhuri ya kukusanyia fedha za taasisi zinazohudumia na kutetea watoto hapa Unguja. Kadi huuzwa, meza hununuliwa na makampuni, mshereheshaji hupanda jukwaani, mkoba wa ukili au mchoro wa mlango wa Kizanzibari hunadiwa, na kabla kahawa haijaletwa wageni husimama mmoja baada ya mmoja kutaja ahadi zao mbele ya kamera. Makusudio ni mema: wakili wa mtoto aliyedhulumiwa, nauli ya shahidi anayetoka Makunduchi kuja mahakamani Vuga, mahali pa kulala mtoto ambaye nyumbani kwao ndiko kwenye hatari.

Ndugu msomaji, bila shaka umeyasikia maneno mawili yanayosemwa barazani kila hafla ya namna hii inapotangazwa. La kwanza ni kuwa hii ni desturi ya kigeni isiyokuwa na asili kwa Waislamu. La pili ni kuwa sadaka ya hadharani ni ria, na bora ya sadaka ni ile ambayo mkono wa kushoto hauijui. Wanaosema hivyo wana nia njema, lakini historia haiwaungi mkono. Udhaifu wa hafla hizi uko pengine. Uko katika asubuhi yake. Wageni wakishaondoka na viti vikisharudishwa, zile fedha zinakaa wapi, kwa sharti gani, na nani ataulizwa? Suala hilo wazee wetu wa Mji Mkongwe walikuwa na jawabu lake, na namna jawabu hilo lilivyodhoofishwa ni kisa kinachostahiki kujulikana.

Chakula nyumbani kwa Ibn Jud'an

Tuanze na utetezi wenyewe. Waandishi wa Sira wanaeleza kuwa kabla ya Utume alikuja Makka mfanyabiashara kutoka Zabid ya Yemen, akamuuzia bidhaa al-'As bin Wa'il, naye akaichukua mali na kuzuia thamani yake. Mgeni yule hakuwa na kabila la kumsimamia. Akapanda jabali la Abu Qubays, Maquraishi wakiwa wamekaa kando ya Al-Kaaba, akalia dhulma yake kwa sauti. Al-Zubayr bin Abdil-Muttalib, ami yake Mtume (s.a.w.), akaondoka kuwakusanya wakuu wa koo, na wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, ambaye aliwapikia chakula. Pale pale wakaapa kuwa hatodhulumiwa mtu Makka, mwenyeji wala mgeni, ila wao watakuwa pamoja naye mpaka arejeshewe haki yake. Kisha wakamwendea al-'As wakamtoa ile mali. Mapatano hayo yanajulikana kwa jina la Hilful-Fudhul.

Mtume (s.a.w.) alihudhuria akiwa kijana wa miaka kama 20, naye ni yatima aliyelelewa na babu yake kisha ami yake. Baada ya Utume alisema kwa maana kwamba asingependa kubadilishiwa mapatano yale kwa ngamia wekundu, na lau angeitiwa jambo kama lile ndani ya Uislamu angeitikia. Tazama basi mpangilio wake: asiye na wa kumsemea, tajiri mwenye nyumba, chakula, kiapo, na vitendo asubuhi yake. Sidai kuwa Ibn Jud'an aliuza kadi. Ninachosema ni kuwa watu kukusanyika kwa chakula ili wamsimamie mnyonge si jambo lililoletwa na meli ya juzi.

Ama kuchangisha hadharani, mfano wake ni ile Hadithi ya Jarir bin Abdillah (r.a.) aliyoipokea Imam Muslim. Walikuja Madina watu wa Mudhar, miguu mitupu, wamevaa nguo za sufu zenye mistari au mablanketi yaliyotobolewa, na uso wa Mtume (s.a.w.) ukabadilika kwa hali aliyoiona kwao. Akaamrisha kuadhiniwa, akaswalisha, kisha akahutubia na kuwahimiza watu watoe, mwenye dinari, mwenye dirhamu, mwenye nguo, mwenye pishi ya tende, hata kipande cha tende. Ansari mmoja akaja na mfuko uliokaribia kumshinda mkononi, bali ulimshinda, na watu wakamfuata mpaka ikawa marundo mawili ya chakula na nguo, na uso wa Mtume ukang'ara. Ni hapo aliposema maneno yake mashuhuri juu ya malipo ya mwenye kuanzisha jambo jema. Yule Ansari hakulaumiwa kwa kuonekana. Alisifiwa kwa kuwa kuonekana kwake kuliwafungua wenzake. Na siku ya Idi, kama alivyosimulia Ibn Abbas (r.a.), Mtume aliwaendea wanawake akawahimiza sadaka, nao wakawa wanavua pete na vipuli na kuvitupa katika nguo ya Bilal. Mchango, hadhara, na mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye mshika nguo.

Kuhusu ria, Aya ya 271 ya Suratul-Baqara inasifu kuidhihirisha sadaka, kisha inasifu zaidi kuificha na kuwapa mafakiri. Wanavyuoni wengi wameifahamu kuwa siri ni bora katika sadaka ya sunna, ila pale ambapo kudhihirisha kuna maslaha, mfano kuigwa. Nia ni ya mtu na Mola wake. Hatuna mizani ya kuipimia kwenye meza namba saba.

Kodi za nyumba na watoto wa mji

Mzee wa zamani wa Unguja aliyetaka kumwachia mtoto ulinzi hakufanya hafla. Aliandika wakfu. Nyumba ya mawe mtaani, duka, shamba la mikarafuu au minazi kule Bububu au Mwera, viliondolewa sokoni milele: haviuzwi, havirithiwi, havitolewi zawadi, na mazao yake yanakwenda kwa aliyetajwa. Mara nyingi aliyetajwa kwanza ni watoto wake na watoto wa watoto wake, na wakimalizika, msikiti au maskini. Huo ndio wakfu wa dhuria (ahli). Mwengine aliandika moja kwa moja kwa jambo la kheri: mafuta ya taa za msikiti, maji ya kisima, mwalimu wa chuo, futari ya Ramadhani. Mashafii, ambao ndio wengi wa wenyeji, na Maibadhi, ambayo ndiyo madhehebu ya watawala wa Kibusaidi, wote walifanya hivyo, na kadhi wa kila upande alihukumu kwa vitabu vyake.

Mfano mkubwa ni Sayyid Hamoud bin Ahmed al-Busaidi, aliyefariki mwaka 1881. Alikuwa mtu wa ukoo wa kifalme, mwenye mali na mwenye dini, na nyumba na mashamba aliyoyawekea wakfu yalihudumia misikiti, ribati ya mahujaji huko Makka na mambo mengine ya kheri. Jina lake lilibaki katika madaftari ya wakfu ya Zanzibar muda mrefu baada ya majina ya matajiri wenzake kusahauliwa. Hilo halikutokana na wingi wa mali, kwani walikuwapo waliomshinda. Lilitokana na kuwa mali ilikuwa imefungwa kwenye sharti iliyoandikwa.

Hata hivyo si kweli kuwa mji uliishi kwa wakfu peke yake. Angalia chuo cha Sheikh Abdallah Bakathir (1860–1925) mtaani Ukutani. Wanafunzi walitoka Lamu, Ngazija, Mrima na kwengineko, wengine wakiwa vijana wadogo walio mbali na wazee wao, na mtu hasomi Minhaji na njaa. Chuo cha namna ile kiliendeshwa kwa sadaka za watu waliokijua. Na sadaka hizo zilikuwa na majira yake: khitma, hauli ya sheikh, Ramadhani, na zaidi maulidi ya Mfungo Sita. Kule Lamu, maulidi yaliyokuzwa na Habib Saleh katika msikiti wa Riyadha yalileta wageni kutoka pwani nzima, na wageni hawaji mikono mitupu. Watu walikula, walisoma Barzanji, waliondoka, na chuo kikabaki na akiba. Kwa jicho la fedha, hiyo ni hafla ya mchango. Hakuna aliyeiita hivyo kwa sababu tangazo halikuwapo. Ilijulikana tu kuwa anayekuja anakuja na chochote, na asiye nacho anakula vile vile.

Na nje ya dini pia, Mzanzibari si mgeni wa kutoa mbele ya watu. Anayebisha aende kwenye taarab aone watu wanavyoinuka na noti kumtunza mwimbaji, mwendo wa polepole, macho yote juu yao. Tukimsikia mtu huyo huyo akisema haya inamzuia kumchangia mtoto hadharani, tuna haki ya kutabasamu.

Mji una jengo moja linalosimulia vizuri tofauti baina ya sherehe na msingi. Ni lile la ufukweni, karibu na bandari, lenye roshani za mbao zilizochongwa, ambalo hadi leo tunaliita Dispensari ya zamani. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi wa jamaa ya Ismailia aliyepata kusimamia forodha, aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887 kuwa hospitali ya hisani, katika shamrashamra za kutimia miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria. Sherehe ilikuwa kubwa. Lakini alifariki mwaka 1891 jengo halijakwisha, na hospitali aliyoikusudia haikusimama kama alivyotaka. Mwaka 1900 likanunuliwa kwa mali ya Haji Nasser Nur Mohamed, na hapo ndipo likapata maisha: ghorofa za juu makaazi, chini dawa. Kwa miaka mingi mama wa Malindi alimbeba mtoto mwenye homa akaenda pale. Baada ya 1964 likachakaa, na katika miaka ya 1990 likatengenezwa upya na taasisi ya Aga Khan inayoshughulikia utamaduni. Mimi nikilipita huitazama zaidi ile chini ya dawa kuliko zile roshani.

Sheria ilipoingia

Uingereza iliifanya Zanzibar kuwa himaya yake mwaka 1890. Mwaka 1905 ikatolewa dikri ya mali za wakfu na ikaundwa Tume ya Wakfu. Kuna mazuri yaliyopatikana: madaftari, hesabu, na kuzuiliwa kwa baadhi ya wasimamizi waliokuwa wanakula mali. Lakini pamoja na madaftari yakaja mawazo mapya juu ya nini ni sadaka.

Mwaka 1894 baraza la rufaa la London, Privy Council, liliamua kesi ya Abul Fata kutoka Bengal. Watu wawili waliweka wakfu kwa dhuria zao, na maskini kupewa baada ya dhuria kumalizika. Majaji wakasema hiyo si hisani ya kweli, kwa sababu fungu la maskini liko mbali mno na halina uhakika. Kwa fikra yao, mtu kulisha watoto wake ni kujilisha mwenyewe. Katika Sharia jambo hilo liko kinyume kabisa: kumpa jamaa ni sadaka na ni kuunga udugu, na Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Abu Talha aigawe bustani yake ya Bayruha kwa jamaa zake. Hukumu ya London ilikuwa na nguvu popote lilipofika baraza lile, Afrika Mashariki ikiwemo. India ilipitisha sheria ya kuuhalalisha tena wakfu wa dhuria mwaka 1913. Zanzibar ilingoja mpaka dikri ya mwaka 1946.

Msomaji atauliza, hili linahusu nini hafla ya watoto? Linahusu sana. Wakfu wa dhuria ulikuwa ndio bima ya mtoto wa Mji Mkongwe. Baba akifa, ami akiwa na tamaa, nyumba haiuziki. Hati yenyewe ilikuwa mtetezi wa mtoto kabla hajapatikana mtetezi wa mshahara. Ilipotiwa shaka mahakamani, mlango wa kwanza wa ulinzi wa watoto ukalegea, na hakuna taasisi iliyokuwapo kujaza pengo hilo.

Jambo la pili ni ziada. Pale mapato ya wakfu yalipozidi haja ya msikiti uliotajwa, wakubwa wa Tume waliona ni halali kuyapeleka katika mambo ya manufaa ya umma kwa rai yao. Mwanahistoria Norbert Oberauer ameyaeleza mageuzi hayo kwa kirefu katika makala aliyoichapisha mwaka 2008. Huenda jambo lililofadhiliwa lilikuwa zuri, lakini wanavyuoni wetu wana kanuni kuwa sharti ya mwenye kuweka wakfu ni kama matini ya Sharia katika kufuatwa. Mwananchi anapoona mali ya marehemu babu yake inakwenda asikokusudia, anajifunza somo moja, nalo ni kutoweka tena. Na hilo naona liliudhuru wakfu wa Unguja kuliko uchache wa mali.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 majengo mengi ya mji yalitaifishwa, na nyumba za wakfu zilizobaki zilikodishwa kwa kodi ndogo isiyotosha hata chokaa. Nyumba yenye wakfu wa kulisha ikawa haiwezi kujilisha. Leo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inafanya kazi chini ya Sheria Namba 2 ya mwaka 2007, na Mji Mkongwe umo katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 2000, jambo linalofanya matengenezo yawe na masharti na gharama zaidi.

Wakati huo huo ulezi wa watoto ukahamia mikono mengine. Lile jengo kubwa la Forodhani linalopitiwa na barabara chini yake, lililopata kuwa klabu ya Waingereza kisha skuli ya Kihindi, likawa nyumba ya mayatima. SOS ilianza kazi Unguja mwaka 1991. Mwaka 2011 Baraza la Wawakilishi likapitisha Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya mwaka huo, na katika mwaka huo huo kikafunguliwa kituo cha Mkono kwa Mkono katika hospitali ya Mnazi Mmoja, ambapo mtoto aliyedhalilishwa huonwa na daktari, polisi na mshauri mahali pamoja. Utetezi, kwa hivyo, si maneno tu. Una vyumba, una watu, na una gharama za kila mwezi. Gharama za kila mwezi haziwezi kungojea hafla ya kila mwaka.

Kuna jaribio moja ambalo limekaribia njia ya wazee. Skuli za awali za madrasa zilianza Mombasa mwaka 1986 kwa juhudi za Bi Swafiya Said na msaada wa Aga Khan Foundation, zikaingia Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Baadaye jamii zilizokuwa zimekamilisha mafunzo ziliwekewa mifuko ya kudumu: wanakijiji walichanga sehemu yao, Foundation ikaongeza, fedha za vijiji zikawekezwa pamoja, na kilichotumika ni faida. Mtu anaweza kujadili namna fedha zilivyowekezwa. Wazo lenyewe lakini mzee wa Ukutani angelitambua mara moja.

Fiqhi ya usiku mmoja

Sasa turudi ukumbini. Kadi ya kuingilia haina tatizo: sehemu yake ni bei ya chakula na sehemu ni sadaka, na ni vizuri kiasi cha kila upande kitajwe. Bahati nasibu ya kulipia tiketi ni kamari iliyokatazwa katika Suratul-Maida, Aya ya 90, na kuelekezwa fedha zake kwa watoto hakuisafishi. Wako wanaopika bila ya kuuza tiketi hizo na hafla zao zinapendeza.

Mnada unajuzu. Katika Hadithi ya Anas (r.a.), ambayo Tirmidhi ameisema kuwa ni hasan ingawa wapo waliozungumza juu ya sanadi yake, Ansari mmoja alikuja kuomba. Mtume (s.a.w.) akamuuliza ana nini nyumbani, akaleta tandiko na kikombe, vyote alivyokuwa navyo. Mtume akavinadi mwenyewe. Mmoja akasema dirhamu moja, mwengine akasema mbili, vikauzwa kwa mbili. Kisha akampa zile dirhamu: moja anunue chakula kwa watu wake, ya pili anunue shoka, naye Mtume akalitia mpini kwa mkono wake na kumtuma akakate kuni. Naliona jambo hili halitazamwi vya kutosha. Fedha ya mnada iligawanywa nusu kwa nusu, nusu ya tumbo la leo na nusu ya chombo cha kesho.

Penye hatari kubwa ni kwenye ahadi. Mshereheshaji hodari anamjua kila tajiri ukumbini. Anamtaja jina, anasema ndugu fulani ametoa milioni tano, na wewe je? Makofi yanapigwa kabla hajajibu. Imam al-Ghazali katika Ihyaa ameeleza kwa maana kwamba mwenye kuchukua mali na huku anajua mtoaji ametoa kwa kuwaonea watu haya tu, hukumu yake ni kama aliyenyang'anya, kwa sababu hakuna tofauti baina ya kuupiga mwili kwa fimbo na kuupiga moyo kwa aibu. Ibn Hajar al-Haytami na wengineo katika Mashafii wamelifuata hilo. Ina maana taasisi inaweza kutoka ukumbini na hundi nzuri yenye majina, na sehemu yake isiwe halali yao. Karatasi ya ahadi iliyokunjwa, iliyojazwa mezani na kutiwa ndani ya bahasha, inaondosha shaka hiyo, na anayetaka kujidhihirisha bado ana nafasi.

Na ahadi ikishatolewa, je, ni deni? Kwa Mashafii sadaka haimilikiwi mpaka ikabidhiwe, na kutimiza ahadi ni sunna iliyokokotezwa, kuiacha ni karaha kubwa lakini hadaiwi mahakamani. Akisema ni juu yangu kwa ajili ya Allah, hiyo imeshakuwa nadhiri na ni wajibu. Wamaliki, kwa kauli mashuhuri kwao, wanasema ahadi inamlazimu mtu pale aliyeahidiwa ameshaingia gharama kwa sababu yake. Hii inafaa kuangaliwa kwetu: taasisi imemkodi wakili kwa kutegemea ahadi ya usiku ule, kesi imeshaitwa, na mwenye ahadi hapokei simu. Anayepoteza ni mtoto aliyekwisha kuambiwa kuwa atasimamiwa.

Zaka iwekwe mbali. Mafungu yake manane yametajwa katika Aya ya 60 ya Suratut-Tawba, na uyatima si fungu. Yatima maskini anapewa kwa umaskini wake kupitia mlezi wake, yatima tajiri hapewi. Ukumbi, zulia na mishahara ya ofisi havilipwi kwa zaka kwa madhehebu yetu. Anayekusanya zaka na sadaka katika kisanduku kimoja amejitia katika hesabu asiyoiweza.

Kisha mtoto mwenyewe. Imekuwa ada katika baadhi ya hafla kumpandisha jukwaani asimulie yaliyompata. Jambo hili lina historia yake Unguja. Wamishionari wa UMCA waliowalea Mbweni na Kiungani watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa waliwatafutia wafadhili Uingereza. Parokia au familia ililipia mtoto mmoja kwa mwaka, na kwa malipo hayo ikaletewa habari za "mtoto wao" na picha katika majarida ya misheni. Watoto walipata chakula na elimu, hilo halikanushwi, lakini habari zao zilikuwa bidhaa kabla wao hawajafikia umri wa kukubali au kukataa. Qur'ani inatukataza kuikaribia mali ya yatima ila kwa njia iliyo bora, mpaka afikie kukomaa kwake. Kisa cha mtoto ni mali yake. Pengine ndiyo mali pekee aliyobakiwa nayo. Mlezi hana ruhusa ya kuinadi katika ukumbi, hata kwa bei nzuri, na katika mji mdogo kama wetu, ambapo binti yule atakuja kuposwa na mtoto wa mmoja wa wageni wale, kuifunga midomo ni sitara ya miaka mingi.

Linabaki la asubuhi. Wakfu wa fedha taslimu Mashafii hawaupitishi, ingawa Mahanafi wa dola ya Kiothmani waliupitisha, Mufti Abu al-Su'ud akiutetea na Birgivi akiupinga katika karne ya 16. Kwa hivyo njia nyepesi kwetu ni kuigeuza sehemu ya fedha ikawa kitu chenye kubaki: hisa katika duka Darajani, chumba cha kupangisha Michenzani, shamba lenye maji. Nusu ya tumbo, nusu ya shoka. Na hati iandikwe wiki ile ile, itaje kazi ya mapato kwa jina, itaje msimamizi na anachoruhusiwa kula, na isomwe mbele ya waliochanga.

Mfano wa hati upo. Umar bin al-Khattab (r.a.) alipoweka wakfu shamba lake la Thamgh, kwa ushauri wa Mtume (s.a.w.), aliandikisha. Abu Dawud ameihifadhi khabari ya maandishi hayo: mwandishi ni Mu'ayqib, shahidi ni Abdullah bin al-Arqam. Haliuzwi, halitolewi, halirithiwi. Na msimamizi hana dhambi akila kwa wema bila ya kujilimbikizia. Na usimamizi wake aliuweka kwa Hafsa, binti yake, muda wote wa uhai wake, kisha kwa mwenye rai katika watu wake.